Waya wa Vibanio

Katika methali zote, kuna moja tu ambayo wifi yangu haivumilii: ajali haina kinga. Ukiitamka mbele yake umejitafutia maneno ya nusu saa. "Haina kinga?" atakuuliza, mkono kiunoni. "Basi vua mabuti hayo uingie porini pekupeku, tuone kama mwiba utakuuliza jina."

Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, kifungua mimba, na mume wangu ni kitinda mimba. Kati yao wamepita saba. Kwa hiyo nilipoolewa sikupata wifi, nilipata mama mkwe wa pili, na huyu wa pili ndiye aliyekuwa na macho makali. Siku ya tatu ya ndoa alikuja akaitazama kamba yangu ya nguo, akaanua shati la ndugu yake, akalikung'uta mara mbili, akalianika upya likiangalia chini.

"Shati halibanwi mabegani, mwanangu. Linaota masikio."

Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikaona mashati ya mume wangu hayana masikio tena, nikanyamaza.

Kazi yake ilikuwa udobi. Miaka ishirini na minane alifua katika hospitali ya mji wetu: mashuka, mapazia ya wodi, makoti ya madaktari, na vitu vingine ambavyo akianza kuvisimulia wakati wa kula mume wangu huhama na sahani yake. Mji mzima unamwita Bi Dobi, hata watoto ambao hawajui hilo dobi ni kazi.

Maji ya kufulia yalitoka kwenye chemchemi iliyoko ubavuni mwa kilima, nyuma ya mji. Miaka ya mwisho ya kazi yake maji hayo yaliharibika. Gugu moja la miiba, linalotambaa na kupanda juu ya kila kitu, lilikuwa limelifunika pori lote kuizunguka chemchemi. Miti michanga ilikufa chini yake kwa kukosa jua, na udongo ukaporomokea kwenye mkondo. Bi Dobi akawa anafua mashuka meupe kwa maji ya rangi ya chai.

"Nilikuwa naona aibu mbele ya wagonjwa," aliniambia siku moja. "Mtu anaumwa, halafu unamlaza kwenye tope."

Alipostaafu, na mumewe ameshatangulia mbele ya haki, wengine walidhani atakaa barazani ahesabu wapita njia. Yeye alikwenda ofisi ya maji, akarudi na barua yenye mhuri na mapanga mawili butu. Jumamosi iliyofuata akaanza kung'oa gugu peke yake. Jumamosi ya pili mume wangu akaniambia, "Nenda ukamwangalie dada, asije akaumia." Nikaenda siku moja nimwangalie. Sasa ni mwaka wa sita.

Tuko kumi na wawili hivi, kutegemea misiba na harusi. Wa kudumu ni sisi wanne: Bi Dobi, mimi, Posta, mzee aliyesambaza barua mpaka barua zenyewe zikaisha duniani, na Kinyozi, mwenye duka la kunyoa karibu na stendi, mwembamba kama kitana chake na mdomo usio na likizo. Hakuna anayelipwa. Tunang'oa gugu, tunapanda miche, tunarudi nyumbani na mikwaruzo.

Mikwaruzo tu, hiyo ndiyo sifa ya Bi Dobi. Pori lile lina nyoka, lina nyigu, lina siafu, lina korongo refu linalojaa maji ghafla mvua ikinyesha juu ya kilima, na lina watu wenye mapanga, ambao kwa maneno yake ndio wanyama hatari kuliko wote. Kwa zaidi ya miaka mitano hakutoka mtu pale amebebwa. Si bahati. Ni yeye, anasimama kwenye lango la pori kila Jumamosi saa moja asubuhi, anakukagua kama shuka lililotoka kuoshwa.

Kwanza miguu: mabuti ya mpira, soksi ndefu. Kisha mikono: mikono mirefu, na vifungo vyake vimefungwa. Kisha ananusa. Ndiyo, ananusa. Mara ya kwanza nilikwenda nimejipulizia manukato, kwa sababu mimi ni mke wa mtu na sikuona kwa nini niende porini ninanuka kama jembe. Akanisogelea, akavuta pumzi shingoni mwangu, akarudi nyuma.

"Unakwenda kuolewa na nyigu?"

"Wifi, ni kidogo tu."

"Nyigu naye ni kidogo tu. Rudi ukaoge."

Nikarudi nikaoga, mwendo wa dakika ishirini kwenda na ishirini kuja, nikimtukana njia nzima kwa sauti ya chini. Mwezi huohuo nyigu walimvamia mama mmoja aliyejipaka mafuta yenye harufu ya maua, tena kule sokoni tu, uso ukavimba mpaka mumewe akashindwa kumtambua. Sijajipulizia Jumamosi tangu siku hiyo.

Ukishapita pua yake, unapewa masharti, hata kama umeyasikia mara mia mbili. Gonga majani kwa fimbo kabla hujapiga hatua, nyoka apate nafasi ya kuondoka na heshima yake. Mkono usitangulie jicho. Kati ya panga na panga, urefu wa fimbo mbili. Kunywa maji kabla kiu haijafika. Kila mtu na mwenzake, na mwenzako ni kama kivuli. Kila mtu na filimbi shingoni: akipuliza yeye mlio mmoja mrefu, wote mnatoka, ukipuliza wewe mitatu mifupi, una shida, hata kama shida yenyewe ni ndogo. "Hata kama ni kucha," husema. "Afadhali nije mbio nicheke kuliko nije polepole nilie."

Na kisha, vibanio.

Hivyo vilianza kwa sababu ya Kinyozi. Mwezi wetu wa pili tu, Kinyozi alijificha nyuma ya kichaka apumzike dakika mbili, usingizi ukamchukua, nasi tukafunga lango tukaenda zetu. Alizinduka jioni na siafu sikioni. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwa Bi Dobi, nywele zimesimama, akasema, "Mama, hata maiti huwa inahesabiwa!" Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bi Dobi hakucheka. Jumamosi iliyofuata tulikuta ameunga waya kati ya nguzo mbili za lango, kama wa kuanikia nguo, na mkononi ana kikapu cha vibanio vya mbao vya hospitali, kila kimoja kimepakwa rangi yake. Changu kijani. Cha Posta njano. Cha Kinyozi alikipaka michirizi kama siafu. Chake chekundu chenye nukta nyeupe.

Unaingia, unabana. Unatoka, unabandua, unatia mfukoni, unakwenda nacho kwako. Waya ukiwa mtupu, pori ni tupu. Sheria ni moja: kibanio cha mtu ni cha mtu. "Hata mumeo usimtolee," alisema. "Hata akiwa amekufa, mtoeni yeye kwanza, kibanio baadaye."

Ndivyo tulivyoishi. Lakini mwaka jana Bi Dobi aliteleza nyumbani kwake, kwenye bomba la uani, akavunjika kifundo cha mkono. Mwanawe, fundi umeme wa nguzoni katika mji mwingine, saa mbili kwa basi, alikuja usiku uleule. Ni mtoto wake wa pekee. Alikaa kitandani kwa mama yake akaushika ule mkono mzima, akasema:

"Mama, nimevumilia. Mara hii ni uani. Ukianguka tena, iwe porini au popote, pori basi. Unahamia kwangu. Niahidi."

"Mimi si gunia la kuhamishwa."

"Niahidi, mama."

Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji. Aliahidi. Alimwahidi kwa sababu mtoto alikuwa anatokwa machozi, na pia, mimi namjua, kwa sababu hakuamini hata chembe kwamba anaweza kuanguka. Mtu aliyekaa miaka mitano anawazuia wengine kuanguka hujiona yeye ni ukuta.

Basi, Jumamosi moja, miezi miwili iliyopita, mawingu yalikuja kabla ya saa sita. Bi Dobi aliyaona juu ya kilima kabla yetu, akapuliza mlio mrefu. Mimi nilikuwa mwenzake, kama kawaida. Tulikuwa tumeanza kutoka aliposimama.

"Posta kaacha panga kule korongoni."

"Liache. Litalala leo."

"Liote kutu? Tangulia, nakuja nyuma yako."

"Wifi, kila mtu na mwenzake."

"Dakika tatu. Tangulia, usinifundishe kufua."

Nikatangulia. Hilo ni kosa langu la kwanza, na wala silo kubwa.

Nilifika langoni matone yanaanza. Posta na Kinyozi walikuwa wameshatoka, wako kwenye kibanda cha zana wanapaka mapanga mafuta. Wengine tayari walikuwa barabarani wanakimbia na mifuko kichwani. Kwenye waya vimebaki vibanio viwili, changu na chake. Sasa mwanamke aliyeanua nguo miaka thelathini, tone likimgusa pua, mkono wake haumwombi ruhusa. Mimi huku namfokea Kinyozi afunge dirisha la kibanda, mkono wangu ulipita kwenye ule waya, pwa pwa, ukaanua vyote viwili, ukavitia mfuko wa koti. Sikuviona. Naapa sikuviona, kama usivyouona mkono wako unapofunga kanga.

Nikaingia kibandani. Nikakaa kama robo saa, napanga zana, namsikiliza Kinyozi akisimulia alivyomkata sikio bwana harusi mmoja. Posta akatoka kwenda kufunga lango. Nikamsikia anapaza sauti mvuani:

"Waya mtupu! Wote tayari!"

Bi Dobi ana njia yake ya mkato kutoka langoni hadi kwake. Nikajua kachukua kibanio chake, kakata kwenda nyumbani. Waya si mtupu? Nikauamini waya niliouanua mwenyewe.

Mvua ilinikwamisha sokoni karibu saa mbili, nikafika nyumbani nimelowa. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa chini ya taa anapindua kola.

"Dada kafika salama?"

"Kafika. Nani wa kumzuia?"

Nikavua koti nikalianike kwenye kamba ya jikoni. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe kibanio nilibanie. Nikatoa kimoja, nikabana bega la kushoto. Kijani. Nikatoa cha pili.

Chekundu, nukta nyeupe.

Sikupiga kelele. Nikakaa kwenye ndoo. Mume wangu akanitazama, akakitazama kile kibanio, na sindano ikamwanguka mkononi. Ilikuwa saa tisa kasoro. Amekaa kule saa mbili na nusu, na mvua yote ile juu ya kilima, na korongo.

Tulitoka mbio. Njiani tulipita dukani kwa Kinyozi. Alikuwa na mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Nilisema neno moja tu, "Dobi," akatupa mashine, akatoka nasi na kitambaa begani. Yule mteja akabaki anajitazama kwenye kioo. Baadaye tulisikia alimaliziwa na fundi viatu wa jirani.

Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Nilifungua komeo la lango. Kinyozi alitaka kukimbilia ndani, nikamshika shati. "Fimbo! Gonga kwanza! Ukiumwa na wewe nitawabeba wangapi?" Hata mimi nilishangaa ile sauti; ilikuwa ya wifi yangu, imetoka kinywani mwangu. Tukaenda kwa kufuatana, tunagonga, tunaita, tunanyamaza, tunasikiliza. Korongo lilikuwa linanguruma, maji mekundu yanabeba matawi. Nilitazama yale maji nikaanza kuomba dua zote ninazozijua na nyingine nilizozitunga palepale.

Kisha tukasikia filimbi. Mitatu mifupi.

Alikuwa juu ya ukingo, mbali na maji, ameegemea mti. Alijikokota kwa makalio kutoka chini korongoni kabla maji hayajaja. Mguu wa kushoto umevimba kama kibuyu. Ameufunga kwa fimbo yake na kilemba chake, fundo zuri, la kidobi. Panga la Posta liko pembeni, kwenye ala yake. Amelowa chapachapa, midomo ya buluu, na jambo la kwanza aliloniambia ni:

"Mbona umekuja bila koti?"

Nilimwangukia shingoni. Nililia, nikamtukana, nikamfunika na kanga yangu, yote kwa pamoja.

"Kwa nini hukupuliza?" nikamwuliza. "Tulikuwa pale langoni! Robo saa nzima tulikuwa pale!"

Akatazama vidole vyake.

"Nilidhani nitanyanyuka," alisema. "Nilisema nikinyanyuka mwenyewe, nitachechemea tu hadi nyumbani, hakuna atakayejua. Mwanangu asingejua. Nikajaribu, nikajaribu. Nilipopuliza, mvua ilikuwa inapiga majani kama ngoma na ninyi mmekwenda." Kisha akaongeza kwa hasira kidogo, "Lakini nilijua mtarudi. Kibanio changu kiko kwenye waya."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Nikatoa kile kibanio, nikamwonyesha.

"Nilikianua, wifi. Mvua ilinyesha, nikaanua."

Alinitazama. Alikitazama. Nikangoja maneno ambayo ningeyastahili. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni baridi, kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Umeanua!" alisema. "Loo! Umeanua kama shuka!"

Kinyozi, ambaye alikuwa amenyamaza kwa dakika tano nzima, muda mrefu kuliko wote maishani mwake, hakuweza tena. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Sasa akivunjika guu mkuu mwenyewe, tuseme hakumsikia nani?"

"Nyamaza ubebe," akajibiwa.

Tulikata miti miwili mirefu, tukaipitisha kwenye mikono ya koti la mume wangu na shati la Kinyozi, tukapata machela. Mume wangu akawa anakagua mishono kabla hajakubali dada yake alale. "Hili nimeshona mimi, litahimili," akasema. "Hilo shati la dukani silijui." Kinyozi akatoka porini kifua wazi, na Bi Dobi juu ya machela akawa anatuongoza njia nzima: polepole, gonga, kuna shimo kulia, nani kamwambia huyo ashike hivyo.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo umepata ufa. Mguu ukafungwa plasta ngumu mpaka chini ya goti, wiki sita. Alipolazwa alishika ncha ya shuka, akainusa, akaiachia.

"Halikusuuzwa," aliniambia. "Wamelichovya tu."

Nilikaa naye. Wote wawili tulikuwa tunafikiria ile ahadi. Mwisho nikasema mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo.

"Nimeshaongea na wenzetu. Tumekubaliana. Umeteleza bafuni kwangu. Sabuni. Nyumba ni yangu, kosa ni langu, pori halimo. Na kama ni sabuni yangu, si miguu yako, labda hata ile ahadi haihesabiwi."

Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua. Muuguzi akapita, akarudi.

"Unakumbuka lile jipu la Kinyozi?" aliniuliza.

Nilikumbuka. Kinyozi alichomwa na mwiba kiganjani akaficha, asionekane mlegevu. Siku ya nne mkono ulikuwa kama mkate, ikabidi upasuliwe. Bi Dobi alimsema mbele ya watu wote mpaka mimi nikamhurumia. Siku hiyo ndipo alipotundika daftari kibandani: kila aliyeumia anaandika mwenyewe, hata mkwaruzo, lini, wapi, na kwa nini.

"Nikisema bafuni," akasema, "Jumamosi ijayo nitasimama pale langoni niwaambie watu nini? Niletee daftari."

"Wifi, hujalazimishwa."

"Niletee daftari, na kalamu inayoandika, si ile yako."

Akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya msingi, ambao ni mwandiko wangu pia. *Nilirudi korongoni peke yangu kufuata panga. Niliteleza kwenye jiwe lenye ukoga. Nilikuwa na filimbi. Sikuipuliza mapema kwa sababu niliona aibu na niliogopa kukatazwa.* Kisha akanipa kalamu. Nikaandika yangu chini yake. Haikuwa ndefu, lakini sijawahi kuandika kitu kilichonitoa jasho vile.

Mwanawe alifika Jumapili asubuhi, bado na viatu vya kazi. Kwa kawaida ananiita mama. Siku hiyo alipoingia aliniita "mkaza mjomba," nikajua moto umewaka.

"Mama, vitu vyako nitapakia leo."

"Sawa," akasema Bi Dobi.

Kijana alikuwa amejiandaa kwa vita. Ile sawa ilimwacha na mikono mitupu. "Sawa?"

"Niliahidi, na ahadi ni deni. Nitakwenda. Lakini kwanza soma hili, usije ukasimuliwa na watu barabarani."

Akampa daftari. Alisoma amesimama. Akasoma tena, akavuta kiti akakaa.

"Ulikaa saa mbili na nusu mvuani kwa kuniogopa mimi?"

"Si wewe. Niliogopa kukaa bure."

"Mama!"

"Unataka niseme uongo? Wewe unapanda nguzo zenye moto wa umeme kila siku iendayo kwa Mungu. Je, nimekuambia ushuke? Nilikuambia nini siku ulipopata kazi?"

"Nifunge mkanda," akasema polepole.

"Basi."

Akageuza kurasa za nyuma. Akasoma mikwaruzo ya Kinyozi, nyigu wa mwaka juzi, kucha ya Posta. Alicheka mahali fulani, sijui ni wapi. Kisha akafunga lile daftari akaliweka magotini.

"Kazini kwetu," alisema, akiongea na lile daftari zaidi kuliko nasi, "mwenzangu mmoja alikuwa anapata kizunguzungu. Akaficha, asishushwe nguzoni. Alianguka. Tangu siku hiyo tuna sheria: aliyesema hafukuzwi. Anafukuzwa aliyeficha." Akakuna kichwa. "Sasa wewe mama umeniweka wapi? Ulificha, halafu umesema."

"Nilificha nusu saa. Nimesema ukurasa mzima."

Hata yule mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye tulidhani amelala, alicheka.

Walijadiliana mpaka chakula cha mchana, na mimi nikawa nachochea pale moto ulipofifia. Mwisho wakakubaliana hivi: wiki sita za plasta anakaa kwa mwanawe, hilo halina mjadala. Baada ya hapo akirudi, korongoni hashuki tena maisha yake. Hatoki wa mwisho. Hatembei bila mtu hata hatua tatu. Na wa mwisho kutoka nani? Wote wawili walinigeukia mimi.

"Huyu?" akasema Bi Dobi. "Anayeanua?"

"Huyo hataanua tena," akasema mwanawe. "Aliyeungua ndiye mpishi mzuri."

Alikwenda. Wiki sita ziliishia nne. Mkwewe, binti mpole asiye na neno, alinipigia simu, sauti ya chini, nadhani alikuwa amejifungia chooni. "Mama, nampenda mama mkwe wangu, Mungu ni shahidi. Lakini amepaka rangi nyekundu mishikio ya masufuria yote, na jana amewakagua soksi wageni mlangoni. Anasema anaumwa kwa kulikosa pori. Tafadhali."

Wiki mbili za mwisho alikaa kwangu, mguu juu ya stuli, ananifundisha kufua.

Jumamosi aliyorudi porini watu walikuja wote, hata wasioonekana tangu mwaka jana. Alikuwa na fimbo ya kutembelea na Posta ubavuni, ambaye alikuwa ameapa kutomwacha hata akienda kujisaidia, mpaka akaambiwa apunguze kiapo. Alinikagua mimi kama wengine wote. Alininusa. Kisha akatembea hadi kwenye kona ya kwanza tu ya njia, akajishusha taratibu kwenye gogo, akasema pale panamtosha. Aling'oa gugu akiwa amekaa, mche mmoja mmoja, na Posta anampokea. Saa saba akapuliza mlio mrefu. Watu wakatoka, mmoja mmoja, naye akatoka wa nne, kwa hiari yake, ingawa shingo ilikuwa imegeuka nyuma muda wote.

Nilitoka mwisho. Alikuwa ananingoja, amejiegemeza kwenye nguzo.

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

"Na kule nyuma ya kichaka cha Kinyozi?"

"Wifi, Kinyozi huyo hapo, anakula embe."

"Sikuuliza Kinyozi. Nimeuliza kichaka."

Sikuwa nimetazama nyuma ya kichaka. Nikamwita Kinyozi, akafuta mikono kwenye suruali, tukarudi wawili.